Iliki za Siku Hizi

Bi Kuruthumu binti Mbaruku hakuwahi kula keki ya mtu mwingine akaimaliza. Angemega kipande cha ukubwa wa ukucha, akakiweka ulimini, akatazama dari kama anayesikiliza taarifa ya msiba, halafu akairudisha sahani mezani taratibu. "Haina iliki," angesema. Ikiwa na iliki, haikuumuka. Ikiwa imeumuka, imezidi hamira. Mtu akijipinda akatia iliki ya kujaza kiganja, hamira ya kipimo na mayai ya kienyeji, basi siku hiyo kosa lingekuwa la sahani: tangu lini keki ya heshima ikapakuliwa kwenye plastiki?

Mtaa wa Mahiwa ulimjua hivyo, na ulimwogopa kuliko ulivyowaogopa mgambo wa jiji. Aliishi ghorofa ya nne, katika jengo lililosimama pale palipokuwa na nyumba ya baba yake. Nyumba ile ya vyumba sita na baraza ilibomolewa, likapanda jengo la vioo, na warithi wakagawiwa fleti. Chini kulikuwa na maduka ya vyombo, juu ya maduka stoo za mabegi na viatu, na juu ya stoo ndiyo wakakaa watu. Lifti Bi Kuruthumu aliiita jeneza. Vioo vya mbele aliviita ushamba. Lakini jikoni kwake kulikuwa na roshani ndogo, na hapo aliweka jiko lake la mkaa, akaendelea kupika mkate wa kumimina kama alivyofundishwa na mama yake. Kwenye mkate huo hata wasiompenda walinyamaza.

Maana ulikuwa mkate kweli, si maneno. Mchele umelala ndani ya maji mpaka asubuhi, umesagwa pamoja na tui zito, umetiwa hamira, sukari na iliki, umefunikwa ukaumuka. Halafu unamiminwa kwenye sufuria la moto, na ukianza kutoboka vishimo unafunikwa na kupaliwa makaa juu ya mfuniko. Hakutia yai hata siku moja, kwa sababu sahani ya kwanza ilikuwa ya Bhagwati, jirani wa mlango wa pili, Mhindu asiyegusa nyama wala yai, ambaye walicheza naye mchezo wa rede mtaani hapo hapo walipokuwa wasichana. Na katika kazi yote hiyo Bi Kuruthumu hakutumia kipimo chochote isipokuwa pua. Mwezi wa Ramadhani wapishi wengine huonja kwa ncha ya ulimi wakatema, maana mpishi ameruhusiwa. Yeye aliwacheka. Aliyefunga akaonja, kwake, alikuwa hajui kupika.

Basi, miaka michache iliyopita, dunia ikaanza kuharibika. Hivyo ndivyo alivyoona yeye. Iliki za siku hizi hazinukii. Asumini siku hizi ni maua ya karatasi. Udi wa siku hizi ni moshi tu wa kumliza mgeni, na samaki wa soko la Feri wanalala kwenye barafu mpaka wanasahau kwamba walitoka baharini. Alinunua iliki kwa Mpemba mmoja akazirudisha, akanunua kwa mwingine akazirudisha pia, mpaka wauza viungo wakimwona anakuja wanajifanya wanaongea na simu. Sukari peke yake ilibaki tamu na pilipili ilibaki kali. Vingine vyote, alisema, vimechakachuliwa.

Na nani angembishia? Hapa ni Kariakoo. Hapa kuna betri feki, manukato feki, na mikoba feki yenye majina makubwa yaliyokosewa herufi. Mtu akikwambia na iliki nazo ni feki, unatikisa kichwa na kusema kweli, dada, tumekwisha. Ndivyo walivyofanya shoga zake. Aliyeongoza kutikisa kichwa alikuwa Swaumu, dada wa marehemu mumewe, mwanamke ambaye hajawahi kupingana na mtu aliyemkalia mbele wala kumkubalia mtu aliyekwisha ondoka.

Aliyebeba mzigo wa dharau hiyo ya dunia nzima alikuwa Husna, mke wa mwanawe Idrisa, waliokaa naye fleti moja. Husna alikuja na oveni ya umeme kutoka kwao, na siku ilipoingizwa mlangoni Bi Kuruthumu aliitazama kama mtu aliyeletewa mbwa ndani ya nyumba.

"Hiyo televisheni mnaiweka wapi?" aliuliza, akijua fika si televisheni.

"Ni oveni, mama. Ya kuokea keki."

"Aa. Keki." Akabetua midomo, akaenda zake roshani.

Husna alioka, na hakuoka vibaya. Keki zake za ndizi na za maziwa zilikuwa na wapenzi wake, watoto wa ghorofani wakisikia harufu wanapanda ngazi wawili wawili. Bi Kuruthumu hakusikia harufu yoyote, akaona watoto wa siku hizi nao hawana adabu wala akili, wanafuata joto la umeme. Husna akimwekea kipande, maneno yalikuwa yale yale, haina iliki, na Husna hujibu "Sawa, mama," kwa sauti ya mtu anayehesabu moyoni. Idrisa, aliyekuwa na duka la nyaya na swichi pale chini, mwanaume mrefu wa kugusa fremu ya mlango, alikuwa akisikia hayo anainama kufunga kamba za viatu. Mungu alimpa kimo akamnyima kauli.

Katika mambo ya mkate wa kumimina, Husna aliruhusiwa kazi moja tu: kuvunja nazi, kuzikuna na kuchuja tui. Kazi ya mtumwa, kwa macho ya mkwewe. Kunusa mchanganyiko, kumimina, kupalia makaa, hayo yalikuwa ya mwenyewe.

Ramadhani iliyopita, siku za mwanzo kabisa, Bi Kuruthumu aliingia jikoni kutafuta upawa, akaona ndani ya pipa la taka vifuu viwili vya nazi vyenye nyama yake yote, nyeupe pee, havijakunwa.

"Nani katupa nazi hii?"

"Mimi, mama. Ilikuwa imeharibika."

Bi Kuruthumu akaiokota, akaigeuza, akaisogeza puani. Hakusikia kitu. Nazi safi, nyeupe, haina ute wala doa. Akahisi damu inampanda.

"Imeharibika wapi? Nimezichagua kwa mkono wangu, nimezitikisa moja moja, leo wewe mwoka keki za picha unanifundisha nazi? Huku si kupika, huku ni israfu. Na mwezi kama huu!"

"Mama, inanuka."

"Inanuka! Kinachonuka ni kiburi chako. Toka jikoni kwangu."

Husna akatoka. Hakujibu, hakulia, hakubamiza mlango, na hilo lilimuudhi Bi Kuruthumu zaidi, kwa kuwa alikuwa na maneno mengine matatu manne yaliyobaki bila mtu wa kuambiwa. Siku ya pili Idrisa alikuja akakaa ukingoni mwa kochi, akatazama zulia.

"Mama, tumepata nyumba Magomeni. Tukishakula Idi tutahamia."

"Magomeni," alisema Bi Kuruthumu. "Mwambie mkeo asisahau televisheni yake."

Akafurahi, au akajiambia kwamba amefurahi. Jikoni palikuwa pake sasa. Alivunja nazi mwenyewe, akakaa juu ya mbuzi akakuna mwenyewe magoti yakimlia, akapika mkate wa kumimina mkubwa kuliko wa mwaka wowote. Ukaumuka vizuri, ukatoboka vizuri, juu ukaiva rangi ya dhahabu. Kabla ya adhana ya magharibi sahani zikaenda kwa majirani, zimefunikwa kwa vitambaa: moja kwa Bhagwati, moja kwa Swaumu, nyingine ghorofa ya tatu na ya tano. Yeye na Idrisa wakafuturu nao. Yeye aliusikia utamu wa sukari, akaridhika. Idrisa alimeza kipande kimoja, akanywa uji mwingi sana, akasema ameshiba. Husna alikula tende.

Sahani zikaanza kurudi. Huku kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hilo kila mtu analijua. Ya ghorofa ya tatu ilirudi na sambusa, ya ghorofa ya tano na kaimati, na Swaumu alipiga simu kabisa. "Wifi, mashaallah, mkono haujatetereka. Nimekula mpaka nimelamba vidole." Mkate wake wakati huo ulikuwa umelala kwenye mfuko wa taka, umefungwa mafundo mawili usitoe harufu. Swaumu alikuwa mwangalifu kwenye mambo kama hayo.

Sahani ya Bhagwati ililetwa na Bhagwati mwenyewe. Bi Kuruthumu akainua kitambaa kwa furaha, akitarajia ladu au chevda, vitafunio vya Kihindi vya kila mwaka, na ndani akakuta mkate wake mwenyewe, umemegwa pembe moja tu.

Hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Angetukanwa mama yake pale koridoni angevumilia zaidi. Akabaki na kitambaa mkononi, mdomo wazi, na Bhagwati akageuka akarudi kwake. Lakini mlango aliuacha wazi.

Bi Kuruthumu akamfuata na sahani yake.

"Bhagwati, umeamua nini? Umenirudishia chakula kama nimemletea mbwa?"

"Kaa, Kuru."

"Sikai!"

"Mkate unanuka, Kuru. Nazi mbovu. Nimeweka mdomoni nikatema kwenye sinki."

"Wenzio wote wamekula! Swaumu kalamba vidole!"

"Swaumu?" Bhagwati akacheka kidogo, bila furaha. "Swaumu akila mchanga wako atasema una chumvi nzuri. Mimi ningekuwa sikupendi, Kuru, ningeleta ladu na kusema asante."

"Pua yako imeharibiwa na mvuje unaotia kwenye dengu," alisema Bi Kuruthumu. "Wewe utajua harufu ya nazi?"

Bhagwati akamtazama. Halafu akainuka, akafungua kabati, akatoa kopo lake la mvuje. Ule mvuje kila mtu wa jengo lile aliujua. Kopo likifunguliwa ghorofa ya nne, wenye stoo za viatu huko chini hutazamana wakituhumiana. Akalifungua, akamsogezea mpaka likagusa mdomo wa juu.

"Haya. Nusa."

Bi Kuruthumu akavuta pumzi ili amtukane vizuri. Akavuta tena. Akachukua kopo kwa mikono yote miwili, akainamia, akavuta kwa nguvu mpaka unga ukamwingia puani na macho yakamtoka machozi. Kulikuwa na mwasho. Harufu haikuwepo. Haikuwepo hata ya mbali. Alikuwa kama ananusa ukuta.

Akakaa. Hakuambiwa mara ya pili.

Wala hakuwa mjinga. Alikuwa mwenye kiburi, mkorofi, mwenye ulimi wa kukata nyama, lakini mjinga hakuwa, na mambo yalimjia moja baada ya jingine bila kumwomba ruhusa. Iliki za yule Mpemba. Asumini. Watoto waliopanda ngazi wakifuata kitu asichokijua. Kumbe dunia haikuchakachuliwa. Miaka yote hiyo alikuwa akigomba sokoni, akisuta wauzaji wenye haki yao, na aliyekuwa feki ni yeye.

"Tangu lini?" aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo Bhagwati hakuwahi kuisikia kwake.

"Mimi sijui. Mkate wako ulikuwa mzuri. Mwaka jana mzuri, mwaka juzi mzuri. Mwaka huu ndiyo umekuwa hivi. Mwaka huu umebadilisha nini?"

Bi Kuruthumu akalifunika kopo. Alijua alichobadilisha. Aliona ile nazi nyeupe ndani ya pipa, na akaanza kujiuliza ni ngapi nyingine zilizotupwa kimya kimya kabla yake, miaka yote hiyo, na yule msichana aliyemwita mwoka keki za picha. Akaona aibu. Ilimshika kifuani kama kiungulia, na hakuna wa kumlaumu.

Siku zilizofuata hakupika mkate. Alisema mgongo unamuuma. Swaumu akapiga simu kumpa pole, na Bi Kuruthumu akamwambia asante sana, wifi, na nasikia mkate wangu umeulamba mpaka vidole, nikipona nitakuletea sinia zima. Upande wa pili Swaumu akaanza kukohoa. Hiyo ndiyo furaha pekee aliyoipata wiki ile.

Lakini Idi ilikuwa inakuja, na siku ya Idi ukoo mzima hupanda ghorofa ya nne kula mkate wa kumimina wa Bi Kuruthumu. Wanaomuogopa wanakuja, wanaomchukia wanakuja. Usipokuwepo mkate, ni nani yeye? Ni bibi kizee wa juu ya stoo ya viatu, mwenye kusema sema. Alilifikiria hilo akaogopa waziwazi.

Mkesha wa Idi alipanga nazi mezani, akavunja moja, akasimama mlangoni mwa chumba cha mwanawe. Husna alikuwa akikunja nguo na kuzitia kwenye mabegi ya kuhamia.

"Njoo unuse hii," alisema. Alitaka isikike kama amri. Ilisikika kama ilivyosikika.

Husna akaiacha kanga mkononi mwake ikining'inia. Akaja. Akanusa. "Hii nzima." Bi Kuruthumu akavunja nyingine. "Hii nzima." Nyingine tena. Husna akaisogeza puani, akaitoa haraka. "Hii mbovu, mama."

Kwa macho haikuwa na tofauti yoyote na mbili za kwanza. Bi Kuruthumu aliitazama sana. Ingekuwa rahisi mno kwa msichana huyu kumwambia nzuri ni mbovu na mbovu ni nzuri, akaaibika mbele ya ukoo mzima, na haki ingekuwa yake. Akaitia kwenye pipa.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile mkate ulipoungua juu na wewe umekaa pembeni yake unanisimulia habari za Hija ya shangazi. Moshi umejaa roshani, wewe unaongea tu."

"Hiyo siku nyingi."

"Siku nyingi, mama."

"Na hukuniambia."

Husna akavuta pumzi. "Ningekwambia ungesema nini?"

Bi Kuruthumu alijua angesema nini. Alikuwa nayo hata sasa, tayari ulimini, maneno mazuri ya kukata. Akayameza, na hayakushuka vizuri.

Mkate wa Idi ulikuwa mkate. Ukoo ulikula, ukasifu kwa maneno yale yale ambayo Swaumu aliusifia ule wa nazi mbovu, na Bi Kuruthumu akawatazama watu wazima wale wakimwambia mashaallah, mashaallah, akawadharau wote kwa pamoja. Sifa zao hazikuwa na kazi tena. Alipeleka sahani kwa Bhagwati, akasimama mlangoni mpaka akaona inaliwa yote, ndipo akapumua.

Jioni ile alimkuta Husna akifunga waya wa oveni. Alizunguka zunguka, akapangusa meza iliyokuwa safi.

"Fleti hii kubwa," alisema. "Magomeni huko vyumba vidogo. Mtajibana."

"Tumeshachukua funguo, mama."

"Funguo zinarudishwa."

Husna akamtazama, na kwa mara ya kwanza hakuteremsha macho. "Kila siku kwa miaka sita, mama. Kila siku. Sina nguvu tena." Hakusema kwa hasira, na Bi Kuruthumu akaendelea kupangusa meza ile ile. Idrisa, kule koridoni, aliinama kufunga viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Wakahama. Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ilibeba kitanda, mabegi, na oveni ikiwa juu kabisa imefungwa kamba. Bi Kuruthumu aliwaangalia kutoka juu mpaka wakapotea kwenye msongamano, akasema peke yake kwamba dereva yule hajui kufunga mzigo.

Akabaki na fleti. Alipika ubwabwa bila nazi, akala. Akapika tena bila nazi. Bhagwati alikuwa tayari kumnusia, lakini Bhagwati alikuwa amekwenda Moshi kwa mwanawe, na hata angekuwepo, si Bhagwati aliyekuwa akimtaka.

Siku moja ya Ijumaa akaingia sokoni, akanunua nazi kwa muuzaji ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumwita mwizi, bila kubisha bei wala kuzitikisa, mpaka muuzaji akamuuliza kama anaumwa. Akazitia kikapuni, akasimamisha bajaji, akasema Magomeni. Dereva alichungulia kikapu.

"Bi mkubwa, unatoa nazi Kariakoo unapeleka Magomeni? Kule hazipo?"

"Wewe endesha," alisema Bi Kuruthumu. "Nani kakuomba ushauri?"

Nyumba aliikuta nyuma ya duka la mkaa, na akaona mara moja kwamba mlango umepakwa rangi vibaya, kwamba uwanja haukufagiwa pembeni na kwamba pazia ni fupi. Akayaona yote, akasimama nayo. Husna akafungua, unga umejaa mikononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kikapu kilikuwa kizito, na hakukiweka chini. "Nilikuwa napita tu."

Hakuna anayepita tu nyuma ya duka la mkaa na nazi nne. Husna alikitazama kikapu, akamtazama mkwewe, mwanamke huyu aliyemchosha mpaka akamhamisha mtaa, amesimama juani jasho linamtoka na hajui atie wapi macho yake. Halafu akafuta mikono kwenye kanga, akampokea kikapu, akaingia nacho ndani bila kusema karibu.

Bi Kuruthumu akabaki kizingitini, hajui kama ameitwa au amefukuzwa. Akasikia nazi ya kwanza ikivunjwa, kisha kimya kirefu, kisha sauti ya Husna kutoka jikoni.

"Hii mbovu, mama. Na usisimame hapo, njoo unishikie taa, huku jikoni giza."

Akavua viatu haraka, kama msichana.